Bombay ni Kama Sur

Katikati ya miaka ya tisini moyo wa mama ulianza kumsumbua, na daktari wa Maskati akatuelekeza Bombay akapasuliwe. Mama hakuuliza habari za upasuaji. Aliuliza, "Ni mbali?"

"Kama kutoka hapa Ibra mpaka Sur," baba akamjibu, huku akimenya chungwa. "Saa mbili na nusu. Ukipanda, umefika."

Baba alikuwa dereva wa malori, kwanza Tabora, kisha Omani, na kwake yeye umbali ni muda wa kukaa kwenye usukani, hakuna jingine. Maadamu Sur alikuwa akifika kwa saa mbili na nusu, pamoja na kusimama kunywa kahawa, basi Bombay nayo ilikuwa palepale. Hakutaja bahari iliyopo katikati. Wala hakutaja kwamba yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Omani alikuja kwa meli. Viza yake aliichukua pamoja na zetu, akasema ni ya tahadhari, kisha akatufikisha mimi na mama uwanja wa ndege na kurudi zake kumwagilia mitende.

Mama alikaa dirishani, akafumba macho. Kila baada ya muda alikuwa akiniuliza tupo wapi. Chini kulikuwa na maji matupu, nikamwambia Al Qabil, mji wa njia ya Sur. Baadaye nikamwambia Bidiya. Nilipomwambia tunakaribia Sur akafumbua macho, akachungulia, akaona mji usio na mwisho.

"Hii si Sur," akasema.

"Si Sur, mama."

Akafumba macho tena.

Hospitali akaweka sharti. Hapasuliwi mpaka baba aje. "Si ni karibu? Basi na aje." Daktari akamweleza, nami nikitafsiri, kwamba moyo wake hauwezi kungoja. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akajifunika shuka gubigubi. Nikatoka kwenda kumpigia baba simu.

Baba akaniambia kesho ndiyo zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, na akiikosa mitende itakaa na kiu. Nikamwambia mama atakufa. Nililisema hivyohivyo, kwa hasira, na mpaka leo silijutii.

"Inshallah," baba akasema, akakata simu.

Alifika siku ya pili yake, kanzu imekunjamana, kilemba kimekwenda upande, mkononi chupa ya kahawa ya nyumbani. Uso ulikuwa hauna damu. Nikamwambia shikamoo, akanipita. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akakaa kitandani pake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya watu.

"Mbali," akamwambia.

"Uliniambia karibu."

"Ningekwambia mbali, ungekuja?"

Mama akafikiri. "Nisingekuja."

"Haya basi."

"Na wewe je? Ulijua ni mbali, mbona umekuja?"

 Baba akamshika mkono, asiuachie. Mama akautazama kidogo, kisha akanigeukia, akaniambia nikamwite daktari.