Msiba Bila Mtani

Nilikwenda Minneapolis kusomea ugomvi wa watu wengine. Ndivyo baba yangu alivyowaeleza majirani zetu Songea, na mpaka leo sijapata maelezo mafupi zaidi ya udaktari wangu. Ilikuwa miaka ya tisini. Ukomunisti ulikuwa umeanguka kule Ulaya Mashariki, Yugoslavia imekatika vipandevipande, na profesa wangu alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini miji mingine yenye makabila mchanganyiko ilichinjana na mingine ikastahimili. Sisi wanafunzi wake tulitumwa kuwahoji wakimbizi waliofika Minnesota, tukiwa na kinasa sauti na fomu ya kurasa kumi na mbili.

Swali la kwanza kwenye fomu hiyo lilikuwa: Wewe ni wa kundi gani? Chini yake kulikuwa na visanduku vya kutia alama. Profesa alikuwa mtu mwema, na mwaka wangu wa kwanza alinipa koti la mkewe la baridi bila hata kuombwa, lakini kwa visanduku alikuwa haambiliki. Siku moja nilimweleza habari za utani. Nilimwambia kwamba babu zetu Wangoni walipigana na Wahehe mpaka pande zote zikachoka, na walipochoka wakawa watani. Mhehe akinikuta njiani ataniita mla panya, mimi nitamwita mla mbwa, kisha tutakula sahani moja. Nikamuuliza, je, si hilo ndilo tunalolitafuta? Alitabasamu akanirudishia rasimu yangu. "Hiyo ni anthropolojia," alisema.

Nilinuna wiki nzima. Nilivuka lile daraja la chuo juu ya Mississippi kila asubuhi nikijibizana naye kichwani, na kichwani nilimshinda kila mara.

Kitu ambacho sikumweleza ni jinsi mtani anavyofanya kazi msibani, maana hicho hakielezeki kwa mtu asiyekiona. Bibi yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Nyumba ilijaa vilio, na jirani yetu Mhehe, rafiki mkubwa wa baba, akaingia amejifunga kanga ya marehemu na kushika fimbo yake. Akapita katikati ya waombolezaji akichechemea vilevile kama bibi, akitukemea kwa sauti ileile ya puani: nani kaacha kuku waingie jikoni? Mama yangu, aliyekuwa hajaweza hata kunywa maji tangu jana yake, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalia kilio cha haki, akala. Baadaye Mhehe yule alilala mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo. Baba alimwambia, "Na mimi nikifa ufanye hivihivi," naye akajibu kwamba kwa baba ataingia kaburini kabisa. Kwetu mtu anayezikwa bila mtani kumchezea amezikwa nusu.

Sasa nieleze habari za mzee wa Roseville, mji mdogo jirani na Minneapolis. Nilimpata kupitia mama mmoja Mkenya aliyekaa Maple Grove na kufanya kazi hospitali moja na binti wa mzee huyo, kule Coon Rapids. Mzee alikuwa karani wa ndoa katika mji mdogo wa Yugoslavia kwa miaka thelathini. Alijua nani wa kabila hili alimwoa nani wa kabila lile, na vita vilipofika, alijua nani alimficha shemeji yake darini na nani alimtoa nje. Hakuna kitabu chenye habari hizo. Sura ya nne ya tasnifu yangu ilihusu ndoa za mchanganyiko, na bila mzee yule ilikuwa kichwa cha sura na karatasi nyeupe chini yake.

Siku ya kwanza nilimsomea swali la kwanza. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Alivaa tai nyumbani, siku zote.

"Miaka thelathini nimeandika watu," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Mwisho wakaja vijana na bunduki, wakataka daftari langu wajue nani ni nani. Mimi sitaandikwa. Kunywa kahawa, Daktari."

Aliniita Daktari kabla sijawa daktari, kwa kejeli ya upole. Yeye na mkewe walitoka makabila mawili tofauti, na sitasema yupi alikuwa wa lipi, kwa kuwa hakupenda. Basi vuli nzima nilipanda basi kwenda kwenye nyumba yao ya kupanga nyuma ya maduka makubwa ya Roseville, nikanywa kahawa nzito ya vikombe vidogo bila kuwasha kinasa sauti. Mkewe hakujua Kiingereza isipokuwa amri. "Kula!" ndiyo iliyokuwa salamu yake. Alikuwa mfupi, mgongo umepinda kidogo, na aproni ya maua ya bluu haikumtoka kiunoni. Alinisogezea mkate wa matabaka wenye nyama, akanishika kifundo cha mkono kupima wembamba wangu, akatikisa kichwa. "Kula! Wewe mgonjwa? Kwa nini hakuna kula?" Niliongezeka kilo nyumbani kwa mama yule, na nilimpenda. Nilikuwa na miaka mitatu sijaonana na mama yangu.

Desemba mzee akakubali. Tutazungumza baada ya mwaka mpya, akasema, na nije na betri za kutosha. Januari mkewe akaanguka jikoni, na hakuamka.

Nilikwenda mazishini. Baada ya hapo watu kama ishirini walirudi Roseville, wakakaa kimya wakiwa na sahani mapajani, theluji ya viatu ikiyeyuka mlangoni. Mzee alikaa kwenye kiti chake akitazama zulia. Chakula chake hakikuguswa, na binti yake aliniambia hajala kwa siku mbili. Kwake nilimwona mama yangu, kama alivyokuwa mwaka ule wa msiba wa bibi. Nikatazama huku na huku nikimtafuta mtu wa kufanya kazi yake, na hakuna aliyeinuka.

Basi nikainuka mimi. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza na sura ya nne. Nilichukua ile aproni ya bluu kwenye msumari wa jikoni, nikaifunga. Nikapinda mgongo, nikakokota miguu kama yeye, nikamsogezea mzee sahani mpaka kifuani. "Kula!" nikasema kwa sauti ya mkewe. "Wewe mgonjwa? Kwa nini hakuna kula?"

Niliiga vizuri, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kuna mwanamke alitoa sauti kama aliyeungua. Mzee aliinua uso, na kwa nukta moja niliona kwamba alikuwa amesikia sauti na kuamini. Halafu akaniona mimi.

"Nje," alisema.

Binti yake alinisindikiza akiwa amenishika mkono. Nilisubiri basi kwenye baridi ile inayogandisha kope, na tulipokaribia Minneapolis ndipo nilipogundua kwamba ndani ya koti nilikuwa bado nimevaa aproni.

Aibu ya namna ile sijaipata tena, na nimekuwa mtu mzima wa kupata aibu nyingi. Niliifua aproni, nikaipiga pasi, nikaikunja mara nne. Nikaandika barua ya kurasa sita, binti yake amtafsirie. Nilieleza yote: vita vya Wangoni na Wahehe, panya na mbwa, bibi yangu, kanga, jogoo, baba yangu na ahadi ya kaburi. Niliandika kwamba kwetu aliyekuwa adui ndiye anayepewa ruhusa ya kucheka msibani, kwa sababu ndugu hawezi na mgeni hathubutu. Niliandika kwamba kosa langu ni kujipa kazi ambayo hakunipa mtu. Mambo ya mahojiano sikuyataja. Nikaituma barua pamoja na aproni.

Hakujibu. Februari ikapita, Machi ikapita. Profesa alikuwa akifunga mradi mwishoni mwa Mei na alitaka fomu zote mezani, akaanza kuniambia kwa sauti ya daktari wa meno kwamba tasnifu ya sura tatu pia inawezekana. Nilimjibu kwamba nasubiri. Kusema kweli sikuwa nasubiri fomu tena. Nilitaka mzee yule asibaki duniani akiamini kwamba nilimdhihaki mkewe.

Aprili, theluji imebaki malundo meusi kwenye maegesho, kaka yangu akapiga simu kutoka posta ya Songea. Baba amefariki, wanazika kesho. Hata ningeota mabawa nisingewahi. Siku iliyofuata alipiga tena kunieleza mazishi. "Mzee wa Kihehe kaingia kaburini kweli," alisema. "Kajilaza humo na koti lake la kanisani, anasema pazuri, baba atafute pengine. Watu walicheka, dada, ungewaona." Nilimsikia anacheka na kulia palepale. Mimi sikuweza hata kimoja.

Yule mama Mkenya ndiye aliyesimamia matanga ya kwangu. Aliwasili na sufuria tatu na watu kumi na tano. "Pole sana, mwanangu. Usijali kitu, nimeshaomba off mpaka Jumatatu, na hao wengine wana-drive kutoka Coon Rapids saa hii." Wakaimba nyimbo za kanisa, wakapanga viti hadi koridoni, wakaweka picha ya baba mezani pamoja na rozari. Wakenya ni watu wa msiba, siwasemi vibaya kwa hilo. Lakini kila mtu alinihurumia mno. Pilau ilikuja, ikapoa mapajani mwangu. Siku ya tatu nilimwambia yule mama kwamba Minnesota nzima haina Mhehe hata mmoja. Alinitazama kama mtu aliyeanza kuweweseka, akanifunika blanketi.

Alasiri ya siku hiyo mlango uligongwa. Alikuwa mzee wa Roseville, na suti nyeusi, na tai, na binti yake, aliyepata habari kule hospitalini, nyuma yake akiwa ameshika funguo za gari. Watu wakampisha. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja mezani, akainama mbele ya picha ya baba, akaitazama kwa muda kama karani anayekagua cheti. Baba yangu alikuwa mnene, hilo halifichiki.

"Huyu ndiye?" akauliza kwa sauti kubwa. "Basi panya wa Songea sasa watapumzika."

Yule mama Mkenya akasimama na mwiko mkononi. "Eti nini? Amesema nini huyu? Kwani nani ame-invite huyu mzee?"

Nilitaka kumjibu nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nacheka. Kicheko kilinipanda kutoka mahali ambapo palikuwa pamefungwa kwa siku tatu, kikanikunja, blanketi likaanguka. Niliposhuka kwenye kicheko nilijikuta nalia, kwa sauti, kama tuliavyo kwetu. Mzee hakunibembeleza. Alitoa mfukoni mwa koti ile aproni ya bluu, mikunjo yangu minne ikiwa palepale, akaikunjua kwa mara ya kwanza, akajifunga juu ya suti. Akapinda mgongo. Akaokota sahani yangu ya pilau, akanisogezea mpaka kifuani.

"Kula!" alisema, kwa sauti ya mkewe, na machozi yakimshuka hadi kwenye tai. "Wewe mgonjwa? Kwa nini hakuna kula?"

Nikala. Ilikuwa imepoa, na sijawahi kula pilau tamu kama ile. Baadaye alikalia kiti mlangoni akatangaza kwamba hakuna atakayetoka mpaka apewe jogoo, na yule mama Mkenya, aliyekwisha kuelezwa, akamletea paja la kuku wa kuoka na kumwambia amshukuru Mungu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Roseville na betri za kutosha. Alizungumza siku tatu, nami nikapata sura yangu ya nne, ambayo wajuzi wamesema ndiyo pekee inayosomeka. Fomu yake, hata hivyo, profesa aliitoa kwenye hesabu kwa sababu ya ukurasa wa kwanza. Sikugombana naye. Nilimwomba tu anirudishie karatasi ile, na ninayo hadi leo, karibu na picha ya baba.

Siku hiyo ya kwanza niliwasha kinasa sauti na kuanza swali la pili, kama tulivyoelewana. Mzee akainua kidole.

"Daktari, umeruka."

"Ulinikataza, mzee wangu."

"Uliza."

Nikamsomea: wewe ni wa kundi gani? Aligeuka akaitazama aproni, iliyokuwa imerudi kwenye msumari wake jikoni. Kisha akaelekeza kidole kwenye nafasi tupu iliyo chini ya visanduku vyote.

"Andika hapo," alisema. "Mhehe."