Kinena cha Mama Mkwe

Mfaransa mmoja wa karne ya kumi na tisa, daktari mpasuaji, alitumia ujana wake kuchungulia vinena vya maiti. Alimpasua huyu, akampasua yule, akitafuta njia ambayo utumbo huteleza kushuka pajani, na palepale njiani akakuta katezi kadogo. Kakapewa jina lake. Akawa profesa, akazeeka na heshima zake. Nilipokuwa nasoma udaktari Lubumbashi nilimwonea wivu sana mzee huyo. Maiti hawana wakwe.

Mimi niko na mama mkwe, na kazi yangu ni kupasua watu hapa Kamina. Kwetu Waluba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Huo mwiko tunauita buko. Akija kututembelea kutoka Kabondo-Dianda, mama anapita nyuma ya nyumba, ananisalimia akiwa upande wa pili wa ukuta, tunaulizana habari za mihogo, basi. Tumeishi hivyo miaka yote bila ugomvi hata mmoja.

Jumapili moja mke wangu alimleta hospitali akitapika, na kivimbe kinenani. Mpasuaji mwenzangu alikuwa safarini. Nikasimama nyuma ya pazia, nikampima mama mkwe kwa mikono ya muuguzi wetu, ambaye ni mama mtu mzima asiyeogopa mtu.

"Iko kadogo," muuguzi akasema. "Iko nguvu, sawa mbegu ya maharagi."

"Ni tezi ya Mfaransa," nikajibu, haraka mno. Tezi ikivimba inatibiwa kwa vidonge. Tezi haimvui mtu kikwembe chake cha kiunoni. Nikaandika dawa, nikaenda kunywa chai.

Alasiri tumbo likamjaa, akatapika nyongo tupu. Loo! Tezi haimtapishi mtu hivyo. Ulikuwa utumbo, umebanwa katika njia ileile ya Mfaransa, na ukioza, mama anakufa. Niliogopa, na sioni haya kusema.

"Mukwe anipasue?" mama akamwambia muuguzi, uso ukutani. "Afazali nikufe."

Mke wangu akalia. Muuguzi hakulia.

"Mama, mukwe yako hataingia mule mu chumba ya kupasulia. Ataingia munganga tu."

Akamfunika nguo kuanzia utosini mpaka vidoleni, akaacha kidirisha cha ngozi kama kiganja, ndipo akaniita.

Sindano ya mgongo ilikuwa imemtia ganzi kiunoni kwenda chini. Masikio yalikuwa mazima. Nikakata, nikaulegeza utumbo, ukatoka mweusi. Nikaufunika kwa kitambaa cha maji moto ya chumvi, tukangoja. Ukirudisha rangi, amepona. Usiporudisha, itabidi niukate, na kwa umri wake sikuwa na matumaini.

"Munganga," sauti ikatoka chini ya nguo. "Unamujua mukwe yangu?"

Muuguzi akanitazama.

"Namujua, mama," nikajibu.

"Ule njo mutoto yangu. Minyi siwezi kumuambia, buko inakataza. Nikikufa, muambie mukono yake haina kosa. Asikatale kula."

Machozi yakanijaa, yakashuka ndani ya maski. Nilimpenda mama yule, na nilikuwa sijawahi kuuona uso wake. Muuguzi akanifuta macho. Nikainua kitambaa. Utumbo ulikuwa unarudi mwekundu, polepole, kutoka pembeni.

"Atakula, mama," nikasema.