Ruhusa ya Siku Tatu

Mwalimu Mwanaamina aliletwa kwetu Busunzu mwaka 2012 kutoka Tanga, awe mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa imelala. Walimu tulifika saa tatu, na watoto walishinda wakituchotea maji. Ndani ya mwaka mmoja aliinyoosha. Maandalio ya masomo aliyakagua kila Jumatatu, na mzazi aliyekuja na shida alisikilizwa. Mimi, Loyce, nilikuwa mwalimu wa taaluma, na nakiri nilimpenda.

Juni 2013, siku ya Jumatatu, mwenzetu Evaristi alibisha hodi ofisini kwake. Mkewe, Esteri, alikuwa kijijini Titye kwa mama yake Evaristi, mjamzito, miguu imevimba. Aliomba ruhusa ya siku tatu.

"Wakaguzi wanakuja Alhamisi," Mwanaamina alimwambia. "Darasa la saba nimpe nani? Nenda Ijumaa."

"Sawa, mwalimu."

Nilikuwepo. Hakubembeleza. Alirudi darasani akaendelea na hesabu za sehemu. Jumatano jioni Esteri alifariki, yeye na mtoto.

Evaristi alirudi baada ya siku kumi, maandalio ya wiki nzima yameshaandikwa. Alimsalimia mwalimu mkuu kama kawaida, hakulaumu, hakununa. Ila tangu hapo hakuna aliyeomba ruhusa tena. Mwalimu Bazilio alifundisha akitetemeka kwa malaria mpaka akakaa chini mbele ya ubao. Mwalimu mkuu akiingia tulipo, sote tunashika kalamu. Watoto nao walituona, wakaiga: mmoja wa darasa la pili alijikojolea kwenye dawati badala ya kunyoosha mkono kuomba ruhusa.

Mwanaamina akaanza kusikia hodi. Mchana kweupe, sisi tuko madarasani, anasikia sauti ya Evaristi mlangoni. Anaitikia "karibu", haingii mtu. Akifungua, baraza tupu, na ng'ambo ya uwanja anamwona Evaristi mwenyewe dirishani, chaki mkononi, anafundisha.

"Loyce," aliniambia, "usidhani nimerukwa na akili. Jana amebisha mara mbili."

Mwaka 2014 kijana wa chuo kikuu alikuja na dodoso: walimu na wanafunzi wanaridhika kiasi gani na uongozi wa shule yao? Tulijaza bila majina. Akamwendea Mwanaamina akitabasamu.

"Hongera, mama. Wote wameweka vema kwenye 'ninaridhika sana'."

"Hakuna hata mmoja aliyelalamika?"

"Hata mmoja."

Yule kijana aliaga akaondoka. Mwanaamina alibaki kitini hadi shule ikafungwa, mikono juu ya meza.

Likizo ya Desemba aliniomba nimsindikize Titye. Mama yake Evaristi alitupokea kwa kupiga makofi, akitusalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mwakeye," akatuandalia ugali wa muhogo na maharage. Kisha akamshika Mwanaamina mkono.

"Wewe ndiye mkubwa wake? Mungu akubariki. Alituambia ulimpa ruhusa siku ile ile. Gari ndilo lililoharibikia porini."

Mwanaamina aliweka tonge chini. "Mama, gari halikuharibika. Mimi nilimkatalia."

Mama aliuachia ule mkono. Alitazama nje, kule upande wa migomba walikomzika Esteri.

"Kuleni," alisema. "Chakula kinapoa."

Januari 2015 Mwanaamina aliandika barua kuomba avuliwe ukuu. Wakampeleka Kakonko, akafundisha darasa la kwanza. Kwetu akaja mkuu mpya, mcheshi, anayetoa ruhusa kabla hujamaliza kuomba. Ufaulu ukashuka, na kicheko kikarudi ofisini kwa walimu.

Evaristi hakucheka nasi. Siku moja nilimweleza yaliyosemwa kwa mama yake, nikamshukuru kwa kumsitiri Mwanaamina.

Alifuta ubao wote kwanza.

"Sikumsitiri yeye," alisema. "Niliogopa mama ataniuliza kwa nini sikuondoka tu."