Edris, Fundi Asiyeamini cha Bure

Ukimpelekea Edris simu aitengeneze, jiandae kuhojiwa kabla hajaigusa. Umeinunua wapi? Aliyekuuzia alikuwa anahama au anakimbia? Na hii programu ya tochi umeiweka ya nini, ilhali simu ilikuja na tochi yake? Anauliza taratibu, miwani imemshuka puani, na mteja aliyekuja na kioo kilichopasuka tu anaanza kujihisi mshukiwa. Nimewahi kuona mama mzima wa kwaya akiapa kwamba simu ni yake, wakati hakuna aliyesema si yake.

Mimi ni Asio, muuza chai. Meza yangu na kibanda chake vimetenganishwa na bati moja, hapa Busia upande wa Kenya, pale malori yanapopunguza mwendo yakielekea mpakani. Mbele yetu ni steji ya bodaboda. Nimekaa jirani na Edris hadi najua akikohoa kama ni vumbi au ni hasira, na bado hajawahi kuniachia simu yake nimshikie hata akienda msikitini. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nacheka, maana hata mkewe hamwachii.

Kamera ya simu hiyo ameibandika plasta, ile ya kidonda. Kompyuta yake kuukuu inatumia programu huria, zile ambazo watu wameziandika na kuziacha wazi, yeyote azichukue, azisome ndani, azirekebishe apendavyo. Hizo ndizo pekee anazoziamini. Sufuria ikiwa wazi, anasema, unaona kinachopikwa. Kuhusu simu mpya ana hotuba ambayo kila mteja ameisikia, apende asipende.

"Simu ya zamani ulikuwa unafungua mgongo na kucha, unatoa betri, unalala," husema. "Hizi za sasa wamezigundisha. Ukinunua kitu na huwezi kukifungua, hiyo hujanunua. Wewe ni mpangaji, na landilodi yuko mbali anakuangalia tu. Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

"Mimi kinachonila ni bei ya unga," namjibu.

Nasema haya kwa mzaha, lakini sikumwona mjinga hata siku moja. Hapa mpakani ukiamini kila mtu utabaki na nguo ya ndani. Nimeuziwa sukari iliyochanganywa na mchanga na mtu aliyenisalimia kwa jina la marehemu mama yangu.

Edris alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki karibu, mdogo wake Bilal. Babu yao alikuja na malori ya mizigo, akaoa, akazikwa hapa, na ukoo mwingine umetawanyika. Mama yao alipofariki Bilal alikuwa mtoto wa kaptula, na Edris ndiye aliyemlea, pale pale kibandani, kati ya waya na betri zilizovimba. Mtoto yule alisikiliza kila kitu. Mtu akimpa peremende, alimtazama kwanza na kumuuliza anataka nini. Watu walicheka, Edris akajivuna. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Bilal alikua akawa mwendesha boda kwenye steji yetu. Ile steji ilikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Walikuwa wakienda kwa foleni, aliyefika kwanza abebe kwanza. Lakini mwenzao akiwa na mgonjwa nyumbani, au mke amejifungua, alipewa mbele. Haombi. Wenzake wanamwona anavyokaa, mmoja anasukuma pikipiki yake nyuma, wa pili anasukuma, na wa tatu, mpaka njia inafunguka. Mwenyekiti wao, Omoding, mtu wa Amukura mwenye sauti ya kuita ng'ombe, hakuwahi kulazimika kutoa amri.

Halafu ikaja programu ya simu, nayo ilikuja na siasa. Kuna bwana mmoja aliyekuwa anatafuta kiti. Simtaji, debe tupu haliachi kuvuma na mimi sitalisaidia. Alifika na jaketi zinazong'aa, muziki, na vijana wawili wenye viatu visivyojua matope, wakawafundisha waendeshaji jinsi ya kujiandikisha: namba ya kitambulisho, picha ya uso, namba ya mke. Mteja atakuita kupitia simu, wakasema, na utapata kazi hata ukiwa umelala.

Edris alitoka kibandani na kuuliza, mbele ya watu wote, "Hii app ni ya nani?"

"Ni ya vijana," wakajibu.

"Kijana yupi? Ana jina? Nikiwa na kesi, nitamkuta wapi?"

Wakacheka, wakaongeza muziki. Ile jioni Edris alimwambia kila aliyesimama karibu na meza yangu kwamba rahisi ni ghali, kwamba bosi asiye na uso huwezi kugombana naye, na kwamba kitu cha bure kina mtu anayekilipia, na huyo anayelipia ndiye mwenyewe. Wiki haikuisha, simu zote za steji zikaanza kupokea ujumbe wa yule bwana, akiwaita kwa majina yao, akiwasalimia na wake zao. Waendeshaji wakamtazama Edris kwa macho mengine. Tangu siku hiyo, akisema kitu kinanuka, kila mtu anashika pua.

Lakini tumbo halina macho. Wateja walihamia kwenye ile programu, waendeshaji wakawafuata, Bilal akiwa mmoja wao. Foleni ikafa. Kila mtu alikaa peke yake akiangalia kiganja chake, na mwenye mgonjwa hakuonekana tena, kwa sababu hakuna aliyeinua kichwa.

Bilal ndiye aliyekatwa kwanza. Asubuhi moja alikuja kwangu, simu mkononi, akanionyesha maandishi: umehama nje ya eneo la kazi, akaunti imefungwa. Kampuni yenye ile programu ilikuwa na kanuni kwamba anayevuka mpaka akalala huko hana ruhusa ya kubeba. Na kwa mujibu wa simu, Bilal alikuwa analala Uganda kila siku.

Mtu wa hapa haambiwi zaidi. Bilal amepanga chumba karibu kabisa na mpaka, na mlingoti wa simu wa Uganda una nguvu kuliko wetu. Simu ikikosa mtandao wa nyumbani inashika wa jirani. Mimi mwenyewe nimewahi kukaribishwa Uganda kwa ujumbe wa simu nikiwa chooni.

"Mimi nalala kwa kitanda yangu," Bilal alikuwa akirudia kwenye simu, akipigia namba ya msaada. "Kitanda iko Kenya. Kuja uone kitanda." Sauti ya mashine ikamshukuru kwa uvumilivu wake. Akamwendea Omoding, Omoding akampigia kijana wa viatu, kijana akasema ni sistimu. Bilal akakaa stejini, pikipiki imeoshwa, hana wa kubeba.

Siku zikaenda. Akaanza kusema kuna rafiki Mbale, ndani ya Uganda, anayeweza kumpa nafasi. Alilisema mbele ya kaka yake, akimwangalia. Edris alikuwa ameinamia simu ya mtu, na hakuinua kichwa. Nilimwona mkono umesimama tu, kwa hiyo najua alisikia.

Tangu hapo taa ya kibandani ikawa inawaka muda mrefu baada ya mimi kufunga. Alikuwa anaandika programu ya steji, yeye na binti mmoja, Lubna, anayesoma kompyuta kule chuo cha Alupe. Walichukua kazi ya watu wengine iliyo huria, wakaikata na kuishona upya. Aliponionyesha nilishangaa. Mteja anapiga namba moja, na programu inamwita aliye mbele kwenye foleni. Hakuna kuuliza umelala nchi gani. Na palikuwa na kitufe kimoja cha kijani, ambacho mwendeshaji akikibonyeza anampisha mwenzake. Wakibonyeza wengi, mwenzao anafika mbele.

"Umeweka hata hiyo," nilimwambia.

"Hiyo ndiyo steji," akasema. Alikuwa na furaha, na mimi sijazoea kumwona hivyo.

Mkutano ukaitwa Jumapili alasiri. Steji yote ilikuja, Bilal amesimama nyuma, begi lake tayari limetangulia kwa yule rafiki wa Mbale, maana alikuwa ameapa kwamba hili lisipofaulu ataondoka kesho yake. Edris alieleza vizuri, na alipomaliza Omoding akasimama.

"Fundi, hii kitu ni ya bure?"

"Ya bure. Na iko wazi. Mtu yeyote anaweza kuisoma yote, mwanzo hadi mwisho."

"Hapa ni nani anaweza kuisoma?"

Wakatazamana. Hakuna.

"Leteni mtu wenu aisome," Edris akasema.

"Mtu wetu wa simu ni wewe," Omoding akajibu. Hakuwa anamdharau, alikuwa anauliza kweli. "Na namba zetu zitakaa wapi?"

"Kwa kompyuta yangu, mpaka tupate mahali."

Manung'uniko yakapita. Kwako? Mmoja akauliza huyo Lubna baba yake yuko mrengo gani. Mwingine akasema uchaguzi uko karibu na watu wameanza kuwa wazuri ghafla. Niliona Edris anageuza shingo huku na huku kutafuta aliyesema, na moyo wangu ukaniuma, kwa sababu maneno yale yalikuwa yake. Kila moja lilikuwa limetoka kibandani kwake, na sasa lilikuwa linarudi na miguu.

Halafu Bilal akasema kutoka nyuma. Hakupaza sauti.

"Kaka, na wewe unapata nini?"

Sitamlaumu Bilal. Aliuliza kama alivyofundishwa kuuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka sana kujibiwa vizuri. Jibu lilikuwepo. Mimi nililijua, mkewe alilijua, hata bati la kibanda lingeweza kulisema. Lakini wanaume wale wote walikuwa wanamwangalia, na Edris hajawahi kusema kitu laini mbele ya watu tangu azaliwe.

"Sipati kitu," akasema.

Wakacheka. Omoding mwenyewe alicheka, akapiga paja. Nani hajawahi kusikia jibu hilo? Ndilo jibu la kila mwizi aliyewahi kusimama kwenye jukwaa la nchi hii. Mkutano ukaisha bila kufungwa, watu wakaondoka wawili wawili wakiendelea kulirudia. Kesho yake Bilal akapitia Malaba na pikipiki yake, akaenda Mbale.

Nilimkasirikia Edris, na nilimwambia. Nilimwambia ana ulimi wa kuwahoji mama wa kwaya na hana ulimi wa kumwambia mdogo wake neno moja. Alinisikiliza, akanywa chai yake, akasema, "Ningesema mbele ya watu wale wote?" Nikamwambia ndiyo, mbele ya watu wale wote, na mbele ya malori.

Alimpigia. Bilal hakupokea. Akampigia tena siku nyingine, na nyingine, ikawa inaita mpaka inakata. Ile programu ilibaki kwenye kompyuta, na Lubna akarudi kwenye masomo yake. Stejini waendeshaji waliendelea na viganja vyao. Kwa muda Edris akawa anatengeneza simu za watu bila kuwauliza chochote, na wateja walisema amepata adabu. Mimi niliona ni mtu anayeumwa.

Siku moja, mchana wa mvua, hakuna mteja, akaja upande wangu wa bati.

"Mama, nipatie simu yako. Yako atashika."

Nikampa. Simu yangu spika yake ni mbovu, kila anayesimama karibu anasikia, na Edris mwenyewe ndiye ananiahidi kuirekebisha kila mwezi. Bilal akapokea upesi. "Mama Asio, habari ya huko?"

"Ni mimi," Edris akasema.

Nyuma ya Bilal nilisikia pikipiki zikipita, na mtu akiita abiria. Nilidhani atakata. Edris alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, na nilitaka kugeuka nimwachie faragha yake, nikashindwa.

"Siku ile uliniuliza napata nini," akasema. "Nilikuwa nataka usiende. Ni hiyo tu, Bilal. Nilikuwa nataka ukae hapa, nikuone."

Mvua ilipiga bati. Bilal alipojibu, sauti yake ilikuwa ya taratibu na makini, bila hasira yoyote.

"Kaka," akasema, "ni nani amekutuma useme hivyo?"

Edris alinirudishia simu akiwa hajaikata.