Kwihara enzi za Mwingereza: jinsi mama yangu alivyoamua nani amefikisha umri wa kucheza raga

Wakuu, mwangaluka. Kwa wasio Wanyamwezi, hiyo ni salamu ya asubuhi. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba.

Jana kuna mkuu kaleta uzi hapa. Mwanawe wa miaka saba anataka kujiunga na timu ya raga, baba anataka, mama hataki. Akauliza mtoto aanze mchezo wa kuangushana akiwa na miaka mingapi. Komenti zikajaa. Mmoja kasema sita, mwingine kumi na nne, mwingine kamshauri amwache mke.

Nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Swali hilo tulishalijibu Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwepo, na nitawasimulia kweli tupu, hata pale inaponiaibisha. Wale wa "tupe picha", poleni, kamera ilikuwa moja na mwenyewe alikuwa mzungu.

Mzungu huyo alikuwa kijana tu, anafundisha mjini, na kila Jumamosi alikuja shuleni kwetu kwa pikipiki kutuchezesha. Siku moja akaja na mpira uliochongoka huku na huku. Tukamwita Bwana Papai, na mpaka anaondoka nchini sidhani kama alijua.

Sheria yake ilikuwa tamu ajabu. Mwenye mpira akimbie, asiye nao amkamate amwangushe. Basi.

Wakuu, hebu fikirini. Maisha yetu yote tulichapwa kwa kupigana mieleka na kuchafua nguo. Leo kaja mtu mzima, tena mzungu, anatuambia tuangushane, na tukiacha anapuliza filimbi kwa hasira. Tukajua dunia imebadilika.

Jumamosi ya kwanza tu, mashati sita yalichanika. Langu lilikuwamo, na ndilo nililokuwa nalo.

Hapo ndipo anaingia mama yangu, ambaye kwa Kinyamwezi tulimwita mayu. Mayu alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mlimaji wa karanga na viazi, na alikuwa na sauti ya kufukuza nguruwe shambani. Baba alikuwa kibarua wa reli kule Igalula, anarudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo serikali ya nyumbani ilikuwa mayu.

Aliliangalia lile shati, akaniangalia mimi, kisha akaenda kuwakusanya akina mama wenzake.

Jumatatu shule ilijaa kaniki. Mwalimu wetu mkuu, Mwafrika mwenzetu aliyependa amani kuliko chakula, akaamua kiitishwe kikao Bwana Papai akija. Ajenda ilikuwa moja, mtoto aanze lini mchezo huu.

Bwana Papai akasema kwao huanza kuangushana wakiwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu akatafsiri, kisha akauliza nani hapa ana miaka kumi na miwili.

Tukanyoosha mikono wote. Hata mdogo wake jirani yetu, aliyeletwa mgongoni, alinyoosha.

Cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho? Akina mama wakaulizwa. Mmoja akasema wake alizaliwa mwaka wa nzige. Mwingine akauliza nzige wapi, wa kwanza au wa pili? Wakaanza kubishana nzige, saa nzima ikapita, Bwana Papai ameshika kichwa.

Mwalimu akaleta suluhisho. Vijana msiojua, zamani ili uandikishwe darasa la kwanza ulipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ukashika sikio la kushoto. Ukilifikia, umri umetimia. Usipolifikia, rudi ukachunge mbuzi.

Sasa mwalimu akasema, kwa kuwa mchezo huu ni mgumu kuliko darasa la kwanza, mkono upite juu ya kichwa, uvuke sikio, ufike pembeni mwa mdomo. Kikao kikashangilia. Ilionekana akili kubwa sana.

Kosa likaonekana dakika tano baadaye.

Masanja ndiye aliyekuwa jabali la shule. Alichelewa kuanza masomo, ndevu zilishamwota, gunia la karanga alilibeba peke yake. Lakini Mungu alimpa kichwa kikubwa na mikono mifupi. Alijipinda, akatoa ulimi, akasogeza mdomo upande ili ukutane na vidole. Haukufika. Akaambiwa bado ni mtoto mdogo.

Mimi nilikuwa na miaka kama tisa hivi, mwepesi, lakini mikono yangu ilikuwa mirefu mno. Niliupitisha mkono, nikavuka sikio, nikafika mdomoni, na kwa majivuno nikajikuna kidevu.

Nikaandikwa mtu mzima.

Mayu akasimama. "Mwalimu, mmepima mikono. Kwani mkono ndio utakaoanguka chini?"

Watu wakacheka, mwalimu akasema kikao kimekwisha kuamua. Mayu akaketi, na mimi mjinga nikadhani tumeshinda.

Basi ikapatikana timu ya Kwihara, na sijui kama dunia imewahi kuona nyingine kama ile. Wembamba wote wenye mikono mirefu, ndani. Wenye nguvu na vichwa vyao, nje, wanatuchotea maji ya kunywa. Masanja alilia kabisa, na mimi nilimwagiza maji mara mbili zaidi ya kiu yangu. Hilo najuta mpaka leo, ingawa si sana.

Baada ya majuma machache Bwana Papai akawaleta wanafunzi wake wa mjini tushindane nao. Wale hawakupimwa mikono. Walipimwa kwa macho tu, na walikuwa wanaume.

Sitaeleza mabao. Nitasema tu kwamba mara ya kwanza kuupata mpira nilikimbia hatua nne, nikasikia kishindo, nikaliona anga. Mtulinga wa kushoto, ule mfupa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika.

Kabla sijaanza hata kulia vizuri, nikaiona kaniki inakata uwanja. Mayu alinifikia, akaniinua akaniweka begani kama mtumba. Kisha akainama, akauokota na mpira, akauweka kwapani, akaanza kwenda nyumbani.

Filimbi ikalia. Mayu hajui filimbi.

Sasa wakuu, sheria si ilisema mwenye mpira akamatwe? Kijana mmoja wa mjini, sijui alirogwa au alikuwa mtiifu kupita kiasi, akamkimbilia mayu kwa nyuma akamkumbatia kiuno. Mayu hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Yule kijana aliburutwa mpaka mwisho wa uwanja, akaachia mwenyewe, akasema, "Samahani mama, shikamoo."

"Marahaba," mayu akajibu, akaendelea na safari.

Nilitibiwa na mzee mmoja mjuzi wa kuunga mifupa. Mpira ukafungiwa kwenye kihenge cha mtama, na tulikuwa hatuna mwingine.

Jumamosi iliyofuata Bwana Papai na mwalimu wakaja nyumbani kwa unyenyekevu mkubwa. Mayu akawakaribisha michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na karanga, akawaacha wale kwanza, ndipo akatoa masharti. Ataurudisha mpira, lakini kuanzia leo umri anapima yeye.

Akachora mstari wa majivu uani, akasimama mbele yake, mpira ameukumbatia tumboni. Atakayemsukuma kwa bega mpaka auvuke mstari, huyo amefikisha umri.

Kisha akamwangalia Bwana Papai toka viatuni hadi kofiani, akamwambia mwalimu, "Mwambie hata yeye, kama anapenda."

Mwalimu akatafsiri. Bwana Papai akawa mwekundu, akasema ana shughuli mjini.

Babu yangu, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya pwani ujanani, akachekea pembeni. Alisema hata wao ndivyo walivyofanya. Mtoto aliyetaka kufuata msafara alitwishwa mzigo mbele ya mama yake, na mama akikataa, kiongozi wa msafara hakubishana. Sijui kama ni kweli, babu alikuwa na hadithi ya kutetea kila jambo alilolipenda.

Wakuu, kazi haikuwa ndogo. Kwanza ilibidi uamkie. Ukishasema shikamoo na kujibiwa marahaba, utamsukumaje tena mama wa mwenzio? Nusu ya vijana waliishia kwenye salamu.

Masanja alikuwa wa kwanza kufaulu. Aliamkia, akaomba radhi, akaweka bega kwenye mpira taratibu, akamsogeza mayu kama anayesogeza mtungi uliojaa asali. Mayu akavuka mstari, akamtazama. "Huyu ni mtu mzima. Mlimwonea kichwa bure."

Masanja akalia tena, safari hii kwa furaha, na timu ikaanza kuwa timu.

Na mimi? Mtulinga ulipopona nikapanga foleni. Nilisukuma. Mayu alisimama pale anaongea na jirani habari za bei ya chumvi. Nikarudi Jumamosi nyingine, na nyingine. Mvua zikaja zikaenda, mara mbili. Wenzangu walifaulu mmoja mmoja, nami nikawa ndiye ninayewachotea maji. Masanja hakuniagiza hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kama angeniagiza.

Niliitaka ile timu jamani. Nilikuwa naiota. Nilikula ugali mpaka nikavimbiwa, nikabeba mawe, nikasukuma mti nyuma ya nyumba mpaka babu akauliza mti umekukosea nini.

Kisha ikaja habari kwamba Bwana Papai anarudi kwao. Kungekuwa na mechi ya mwisho na wale wale wa mjini, Jumamosi mchana. Asubuhi yake ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho maishani kuchezea Kwihara.

Nikasimama uani, timu nzima inatazama. Mayu mbele ya majivu, miguu ameipanda chini kama kawaida yake.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, Shija."

Nikainamisha kichwa nikakimbia kwa nguvu zote nilizonazo. Niliinua macho mara moja tu, nikaona ananiangalia. Hakuwa ananiangalia kama mpimaji. Macho yalikuwa yamelowa.

Zikiwa zimebaki hatua mbili nimfikie, mayu akarudi nyuma. Akavuka mstari, akajibwaga chini pwaa, mpira ukamtoka. "Loo! Mtoto huyu ataniua!"

Mimi nilipita patupu nikaangukia kuku.

Kila mtu aliona. Masanja akakohoa, akasema kwa sauti nzito, "Kamsukuma. Nimeona kwa macho yangu." Na wote wakaapa wameona.

Mchana nikacheza. Tulishindwa, lakini kwa heshima. Nilikimbia na mpira hatua kumi na moja, nilizihesabu, kisha kishindo, kisha anga. Mtulinga wa kulia.

Mayu alikuja tena kunibeba, safari hii mpira akauacha. Alinilisha uji kwa kijiko wiki tatu. Kuna watu husema mama mwema hasemi "si nilikwambia". Wangu alilisema kwa kila kijiko, na kila kijiko alikipuliza kwanza kisiniunguze.

Nilichojifunza ndicho hiki, mkuu uliyeuliza jana. Achana na miaka. Sisi tulipima mikono tukapata vilema, tukapima nguvu tukapata timu, na mwisho mtu mmoja akapima kitu ambacho hata sasa nikijaribu kukiandika nafuta naanza upya. Kaa na mkeo, uliza mtoto akivunjika nani atakayempulizia uji. Kama ni wewe, amua wewe. Kama ni yeye, funga mdomo usubiri akubali kuanguka.

Nimemaliza. Waliovunjika utotoni waje watoe ushuhuda, na kina mama mliomo humu, semeni ukweli, mmeshajiangusha mara ngapi? Matusi pia nayapokea, ila muanze na shikamoo.