Homa Ambayo Haikuwa Malaria

Nawaeleza haya nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, kwa hiyo msinihurumie. Sikilizeni tu.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa jembe, kijijini Mpui. Mahindi, ulezi, na mgongo uliouma kila msimu wa kupura. Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wameanza kufungua maduka ya dawa mjini, na vidonge vya maumivu vikafika hadi kwenye genge letu. Nilivimeza kila asubuhi kabla ya kazi, kama wengine wanavyokunywa chai.

Homa ilinianza niliporudi kutoka bondeni kununua mchele. Kwetu huku kwenye baridi, ukitoka bondeni na homa, una malaria. Hakuna anayeuliza zaidi. Nikameza klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo. Mwili mzima ukaniwasha, homa ikabaki palepale. Kisha koo likafunga. Ufizi ukatoka vidonda vya kijivu, kumeza mate kukawa adhabu, na mdomo ukanuka mpaka nikawa nageuza uso nikisalimiwa.

Mama mkwe akasema, "Ni kimeo hicho. Kikatwe." Mkataji akaambiwa aje kesho yake.

Wifi yangu Skola, fundi cherehani wa Mazwi, mjini Sumbawanga, alikuwa amekuja kutusaidia kupura. Akanitazama nikitetemeka.

"Mama, huyu hata mate hayapiti, ndiyo mpitishe kisu?"

"Wewe ulikatwa, ukafa?"

"Mimi sikuwa naungua hivi. Kwanza apimwe damu."

Mume wangu aliwasikiliza wote wawili, halafu akanipakia pamoja na Skola kwenye lori la mahindi lililokuwa likienda Sumbawanga.

Hospitali hawakuona malaria. Daktari, mama mmoja mpole, akanikagua kifua, kwapa, hadi sehemu za siri, akitafuta homa ilikojificha. Akachukua mkojo, kisha akaagiza chembe za damu zihesabiwe. Majibu yalipotoka akaketi kitandani kwangu.

"Mama, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu karibu zimekwisha. Ndiyo maana vidonda vyako havina usaha. Ungekatwa hicho kimeo alichonitajia wifi yako, huenda tusingekuwahi. Unatumia dawa gani?"

"Hakuna."

"Na vile vya mgongo?" Skola akadakia.

"Vile si dawa, wifi. Ni vya kazi."

Skola akafungua pindo la kanga yangu, akatoa vidonge, akamkabidhi daktari. "Basi vya kazi ni hivi hapa."

Daktari akavigeuza mkononi. "Nadhani ndivyo vilivyomaliza chembe zako. Usivimeze tena maisha yako yote."

Nikatengwa chumba cha peke yangu. Sindano za mshipa, uji wa moto, wageni waishie mlangoni. Kila siku daktari alimulika koo langu, akaandika, akaondoka. Asubuhi moja akaona unjano kwenye ufizi, akatabasamu.

"Usaha. Chembe zinarudi."

"Sijapata kuona mtu anashangilia usaha," Skola akasema pale mlangoni. Nikacheka, koo likauma, nikacheka tena.

Namshukuru Mungu, yule daktari na wifi yangu. Namshukuru pia mama mkwe, aliyemrudisha mkataji kwa mdomo wake mwenyewe, akaja mjini kunipikia uji ule.

Ukiulizwa hospitali unatumia dawa gani, taja kila kidonge, hata kile usichokiita dawa. Na kama unameza vya maumivu, kisha homa ikaja pamoja na vidonda vya koo, viache, ukapimwe damu leo hii. Mimi nilibakiwa na siku moja tu kabla ya kisu.