Rejista Haikwenda Jando

"Umemuua mwanangu, mwalimu! Umemuua, umemzika, na matanga umeyamaliza peke yako!"

Sikudhani alikuwa mlangoni mwa ofisi ya walimu, khanga kaifunga kibwebwe, na sauti yake ilikuwa inafika Newala mjini bila nauli.

"Mama Hamudi, tulia kwanza," alisema Mwalimu Sia.

"Umesikia? Mwalimu Mkuu, umesikia? Karudia tena!"

Mwalimu Mkuu Mahmudu alisikia vizuri sana. Akageukia kalenda ya ukutani, utadhani kuna mwezi mpya umeongezwa.

Sia kwao Machame. Huu mwaka wa tatu yuko hapa Mkunya. Ugali wa muhogo kauzoea, shida ya maji kaizoea. Jambo moja tu hakuna aliyemwambia: mtoto akishatoka jandoni, jina lake la utotoni ndiyo limeishia huko. Ukimwita kwa jina hilo mbele za watu, umemvua nguo. Likizo ya Juni Hamudi aliingia jando, akatoka anaitwa Mujibu. Kijiji kizima kilijua, mpaka muuza maandazi. Mwalimu Husseni, mzaliwa wa hapahapa, anayekaa na Sia meza moja, naye alijua. "Nilidhani anajua," ndiyo maneno yake, kisha akaendelea kutafuna korosho.

Basi Jumatatu shule ikafunguliwa, Sia akaita majina. Darasa la tano lina watoto mia moja na wanne, na la nne pia kabebeshwa yeye, maana mwenzake Nuria yuko likizo ya uzazi. Koo lilikuwa linamwasha, usingizi hana. Akaita "Hamudi" mara tatu. Mtoto anamtazama tu.

"Wewe bubu? Hata ng'ombe akiitwa anageuka! Njoo upige magoti hapa!"

Mbele ya wasichana. Mtoto akapiga magoti, kengele ya mapumziko ikalia, akaondoka. Leo Alhamisi, hajarudi darasani.

Na leo pikipiki inanguruma nje ya geti. Mbele kakaa mjomba wake, Yassini. Nyuma kapakiwa mtoto na kifurushi cha nguo. Safari ni ya Lulindi, kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Na kwa watu wa huku, mjomba akishasema, baba anabaki kukohoa tu.

"Mjomba wake kanipa dakika kumi," alisema Sikudhani. "Mwalimu atoke, amwite mtoto kwa jina lake, amwombe radhi. Bila hivyo, shule ndiyo basi."

"Rejista inasema Hamudi!" Sauti ya Sia ilikwaruza kama bati. "Hata mtihani wa darasa la nne alifanya kwa jina la Hamudi. Mimi nifanyeje?"

"Kwani rejista ilikwenda jando?"

Husseni akacheka puani. Hapo ndipo palipoharibika.

"Mwalimu Sia, nenda tu ukayamalize," Mwalimu Mkuu alidakia. "Afisa elimu kata anafika saa sita."

"Niende mimi?" Sia alipiga meza, chaki zikaruka. "Mkuu, nilikuomba siku mbili nipumzishe koo, ukaniambia ninywe tangawizi! Na huyu," kidole kikamwendea Husseni, "kakaa na jina la mtoto kinywani pamoja na korosho zake, hakunipa! Leo mimi ndiye mbaya?"

Husseni akaziweka korosho mfukoni taratibu, moja moja.

Sikudhani akamtazama Sia kama ndiyo kwanza anamwona. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Wamekuchosha, mwalimu. Hilo hata mimi naliona. Lakini hasira zako kwa hawa umezimalizia kwa mwanangu. Yeye katoka porini juzi, kidonda ndiyo kwanza kimekauka, watu wanamwambia sasa umekuwa mtu. Wewe ukampigisha magoti. Sasa akikuuliza, 'Mwalimu, mimi nilikukosea nini?' utamwambiaje?"

Nje, Yassini akavuta mafuta, pikipiki ikapiga kelele.

Sia akaichukua rejista, akaitazama, akairudisha mezani. Akapita katikati ya Sikudhani na Mwalimu Mkuu bila kumtazama mtu, vumbi la chaki bado liko mikononi, akashika njia ya getini, huku analijaribu jina kinywani: Mujibu.